Siku Ndege ya Njeri Ilipozunguka

Harufu ya nyasi mbichi zilizokatwa ndiyo hunirudisha kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha Eldoret, msimu ule wa mvua, enzi za chama kimoja. Tulikuwa tumeamshwa alfajiri, darasa letu zima, tukapangwa kando ya kiwanja tumwimbie mheshimiwa aliyekuwa akija kutoka Nairobi. Baridi ya nyanda za juu ilitung'ata magoti. Upande wa pili wa kamba iliyofungwa kuzuia watu, ndani ya pikapu aliyotuazima Mzee Kiptoo, mkulima wa Moi's Bridge aliyekuwa mteja wa duka letu, alilala dada yangu Njeri. Baba alikuwa ameinua chupa ya maji ya dawa juu ya kichwa chake. Moyo wa Njeri ulikuwa umechoka, na daktari alikuwa amesema wazi kwamba Eldoret haina tiba yake. Kwa barabara Nairobi ilikuwa safari ya kutwa nzima, mashimo matupu. Kwa ndege, hata saa moja haifiki. Wamishenari walikubali kutuma ndege yao.

Ilikuja mapema, nyeupe, ndogo kama kunguru. Ikazunguka juu yetu. Mama akamkimbilia askari aliyesimama kwenye kamba.

"Afande, hiyo ni ya mtoto wangu. Wacha ishuke, tafadhali."

"Mama, hapa hakuna ndege inashuka mbele ya mheshimiwa."

"Ni dakika tu, afande. Anapumua kwa shida."

"Unataka nifutwe kazi? Rudi kwa gari."

Mwalimu wetu alinifinya bega. "Wewe, cheka! Mheshimiwa hapokewi na sura ya matanga." Nikaimba. Wahenga husema mgonjwa haulizwi uji. Siku ile uji ulikuwa umeletwa hadi juu ya kichwa chake, ukazuiwa hewani. Ndege ilizunguka tena na tena, kisha ikageuza pua na kurudi ilikotoka. Mheshimiwa aliwasili alasiri, akatupungia mkono, akaondoka na msafara wake. Nyuma yake ikaja mvua, mawingu yakaziba anga, na hakuna rubani ambaye angerudi. Baba akasema twende kwa barabara. Njeri alikata roho kwenye baridi ya Timboroa, kichwa chake mapajani mwa Mama, Nairobi ingali mbali.

Siku hizi tuna uwanja mkubwa nje ya mji, na ndege za Nairobi hupaa kila siku. Abiria wenzangu hununa zikichelewa kidogo, wakitazama saa zao. Mimi hukaa dirishani. Mawingu yakifunguka na ile barabara ikaonekana chini, nyembamba kama uzi, huanza kumwombea dada yangu. Kabla sijafika kwenye amina, Timboroa imeshabaki nyuma.