Sahani Iliyotengwa Kabla ya Tambiko

Marehemu baba yetu, Gil-sang, alikuwa mzee wa kanisa pale kwetu Gangjin, na kwenye ibada ya alfajiri hakuna aliyemtangulia kufika. Lakini kabla ya heshima hiyo kulikuwa na teke.

Alikuwa ndiyo kwanza ameokoka. Asubuhi ya sikukuu ya mavuno, bibi alipanga meza ya tambiko mbele ya picha ya marehemu babu: wali wa mpunga mpya, samaki, na keki za mchele zilizopikwa kwa mvuke juu ya majani ya msonobari. Kifungua mimba ndiye hutangulia kusujudu. Gil-sang aliipiga meza teke. "Mimi siabudu mizimu!" Bibi aliinama akaokota wali sakafuni, na kesho yake akahamia kwa mwanawe mdogo, Man-ho.

Hata hivyo, kila sikukuu alimtumia Gil-sang kifurushi cha keki, na kila sikukuu Gil-sang alimtupia mbwa. Chakula kilichotolewa kwa mizimu asingekitia kinywani. Kuuliza hakuuliza.

Bibi akafa. Waliporudi makaburini, Gil-sang alimwambia mdogo wake, "Angalau keki za mizimu sasa zitakoma."

Man-ho alimtazama. "Mizimu gani, kaka? Mama alikutengea sahani yako kabla hajapanga meza. Mke wangu akiigusa, mwiko wa jikoni unamhusu. Mama akisema, 'Hiyo ya mlokole wangu, isikaribie meza, roho yake isije ikamsuta.' Mbwa wako kanenepa bure."

Tangu siku hiyo sala ikamshinda baba. Akifika "utusamehe makosa yetu", sauti inakatika. Miaka yote alihubiri kwamba neema ni zawadi isiyolipiwa. Kumbe ilikuwa ikibisha hodi mlangoni kwake, naye anaitupia mbwa. Aliamini kwamba Mungu ana huruma. Ila mama yake angemwomba radhi wapi?

Sikukuu iliyofuata alikwenda kwa Man-ho. Shemeji yake alifungua mlango.

"Umekuja na mguu gani leo, shemeji? Ule wa teke?"

"Nimekuja kuomba chakula."

Wenyeji walisujudu. Yeye hakusujudu, alisimama kizingitini, ameinamisha kichwa. Kisha shemeji akamletea sahani. "Haijafika mezani hii. Mama aliniusia."

"Kula, kaka," Man-ho akasema. "Hapa hatufugi mbwa."

Alikula huku machozi yakidondokea keki. "Alinisamehe?"

"Sijui, kaka. Lile jambo hakulitaja hata siku moja. Ila unga wa keki zako alichekecha mwenyewe mpaka macho yakafa."

Baba alitafuna polepole, akasema, "Ee Bwana, utusamehe makosa yetu," akaimaliza sala yote hapohapo, kinywa kikiwa bado na chakula. Man-ho hakuitikia amina. Alimwongezea keki nyingine.