Folda Yangu na Kufuli Lake

Nichekeni, ninastahili. Nyumbani kwetu Bwiza kompyuta ilikuwa moja, na mashemeji zangu, watu wasiojua hata kuizima, walichokonoa mafaili yangu kila siku. Nikaifunga folda yangu kwa neno la siri. Jioni nikawakusanya wote, pamoja na mama mkwe aliyekimbilia kwetu vita vilipomharibia makazi, niwaonyeshe akili.

"Tazameni, mafundi wa kuchokonoa. Naandika neno la siri, nanyi mtaona nyota tupu!"

Kweli, skrini ilitoa nyota tupu. Lakini mimi, bingwa wa kuandika kwa kidole kimoja, siwezi kubonyeza bila kutamka: "Ma-ma-mkwe-a-ru-di-kwa-ke."

Folda ikafunguka. Hakuna aliyeitazama.

Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Mi nirudi wapi, mwanangu? Kwangu si walichoma?"