Mlinda Lango wa Abu Hamour

Mimi naitwa Milka, mama yake Bradley. Nafagia na kupiga deki nyumba za kompaundi moja hapa Abu Hamour, Doha, na nakwambia mapema kwamba Silvesta Mwadime aliniudhi tangu siku ya kwanza. Nilifika langoni na begi langu, akanisimamisha juani, akaniambia nilifungue. Nikamuuliza, "We baba, unadhani nimebeba nini, bomu?" Akanijibu kwa adabu zake zote, "Mama, anayeingia hupekuliwa na anayetoka hupekuliwa. Hata mwenye nyumba." Kumbe Mkenya mwenzangu, tena Mtaita! Nilitaka kumkumbatia na kumzaba kofi kwa pamoja.

Doha hii ina walinzi wengi. Wengi wao hukaa kwenye kibanda chenye ubaridi, simu mkononi, geti linajifungua lenyewe kwa kitufe. Silvesta alipewa kiti, akakitumia kuwekea kofia. Alisimama. Vijana wa pikipiki wanaoleta vyakula aliwafungulisha masanduku. Wapangaji wakimletea soda, anashukuru na kuikataa. Tukamwita Afande, naye hakukasirika.

Siku moja nikamuuliza haya mambo kayatoa wapi. Ndipo akaniambia kwamba babu mzaa babu yake alishuka milima ya Taita akaenda Mombasa, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, Mwingereza ndiyo kwanza anaingia. Akavishwa mkanda akawa askari jela. Babu yake naye akawa askari jela, baba yake vile vile, na Silvesta mwenyewe aliifanya kazi hiyo kwetu kabla hajaja huku. Kazi za jela ile ya zamani alizijua kama Baba Yetu Uliye Mbinguni. Bwana jela alikaa ndani ya ukuta na hakulala nje bila kibali. Askari wa vyumba aligonga vyuma vya madirisha asubuhi na jioni, asikilize kama kuna kilichokatwa. Mpishi alionja uji mbele ya mkubwa. Mke wa bwana jela ndiye aliyewapekua wafungwa wa kike, atake asitake. Na mlinda lango ndiye aliyebanwa kuliko wote: hazungumzi na mfungwa ila kwa amri, hapokei hata tumbaku, hafungui mlango wa nje kabla wa ndani haujafungwa, na funguo hazitoki mkononi mwake ila ziingie mkononi mwa mwenzake.

"Sasa yule babu mzaa babu, aliyekuwa mlinda lango," akasema, "siku moja aliletewa habari kwamba mkewe ana uchungu wa kuzaa na mtoto hatoki. Wa kumpokea zamu hajafika. Akatundika funguo kwenye msumari akakimbia. Kurudi, wafungwa wametoroka. Wakamvua mkanda wakamtia ndani, jela ile ile aliyokuwa akiilinda lango. Alifia humo. Kwetu mtoto wa kiume huambiwa hivyo kabla hajabaleghe, Mama Bradley. Funguo ni za mkononi."

Nikacheka. "Afande, hapa kuna mfungwa gani? Wewe unalinda watu wanaosubiri piza." Naye akacheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshika lile fungu la funguo kiunoni.

Mkewe, Velma, alikuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa familia moja kule Lusail, mji wa jirani. Nchi moja, mke na mume, na wanaonana tu zile Ijumaa ambazo mapumziko yao yameangukia pamoja. Wanakwenda kanisani hapa hapa Abu Hamour, wanakula wali kwenye kihoteli cha Wahindi, kisha kila mtu anarudi kwa tajiri wake. Nilimpenda Velma kwa mdomo wake. Alikuwa akifika langoni mapema, Silvesta bado yuko zamu, anasimama nje na kofia ya jua akiniambia, "Mama Bradley, wenzangu wameolewa na wanaume, mimi nimeolewa na geti." Silvesta anatabasamu na hamfungulii mpaka jina lake liandikwe.

Kisha Velma akaanza kukonda. Macho yakawa ya njano, tumbo likajaa. Ini. Daktari alisema maneno marefu lakini maana yake ilikuwa fupi, kwamba apelekwe nyumbani angali anaweza kukaa kwenye kiti cha ndege. Madam wake, simsengenyi, alimkatia tiketi na kumwagiza Levis, dereva wao Mganda, amfikishe uwanjani na akae naye mpaka aingie. Silvesta aliomba likizo amsindikize hadi Taita. Kampuni ikasema mwezi ujao. Kilichopatikana ni ruhusa ya alasiri moja, aende uwanjani amuage mkewe. Sote tulijua, naye alijua, kwamba hapo ndipo watakapoonana mara ya mwisho.

Siku hiyo alinyoa, akapiga pasi shati lake jeupe akalitundika kibandani. Henry, mlinzi mwenzake, alikuwa aje kumpokea adhana ya Alasiri ikilia. Adhana ikalia, ikaisha, watu wakaswali wakatoka msikitini. Henry hayupo. Kulikuwa na ajali barabarani na basi la kampuni limekwama katikati ya magari. Silvesta akampigia msimamizi wao, Augustine, akaweka sauti ya nje, mkono wa pili umeshika funguo. Nilisikia kwa masikio yangu haya.

"Silvesta, wewe nenda! Tundika funguo hapo kibandani, Henry atazikuta. Nimekuruhusu, bwana. Nenda!"

"Ndiyo, afande," Silvesta akasema. Akakata simu. Akabaki amesimama.

"Si umeambiwa uende?" nikamwambia.

"Nimesikia."

"Basi nipe mimi hizo funguo, nitasimama hapa mpaka Henry aje. Nitampekua hata mwenye kompaundi, akitaka nitampekua na meno!"

"Wewe si askari, Mama Bradley. Kikitokea kitu watakufunga wewe."

Jamani! Nilimtukana. Sioni haya kusema, nilimtukana mbele ya wapangaji. Nikamwambia, "Mfungwa akitoroka hutafutwa akapatikana. Velma akipita ule mlango utamtafuta wapi?" Nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Machozi yalikuwa yakimshuka hadi kidevuni na hakuyafuta, na mguu mmoja ulikuwa umetangulia mbele ya mwingine, kama mtu anayetaka kukimbia. Lakini hakukimbia. Nilimvuta mkono, nikaona ni kazi bure.

Simu ikalia. Levis. "Mzee, kuja mbio! Hawa watu wa kiti cha magurudumu wanataka kumuingiza ndani, wanasema saa imefika."

Halafu nikasikia sauti ya Velma, ndogo, imekauka. "Baba Michelle, umepokewa?"

"Bado."

Nikasikia matangazo ya uwanjani, Kiarabu kisha Kiingereza.

"Haya," akasema. "Basi nakusubiri."

Henry alifika amelowa jasho, ameshuka basi akakimbia njia nzima. Na unajua Silvesta alifanya nini? Alimkabidhi funguo moja baada ya nyingine. Hii lango kubwa. Hii lango la nyuma. Hii pampu. Hii jenereta. Akangoja Henry aseme, "Nimepokea." Ndipo akatoka mbio bila hata kubadilisha shati, na teksi niliyokuwa nimeisimamisha zamani ikamchukua.

Alimkuta Levis peke yake mlangoni pa uwanja wa ndege, anamlia Velma kama dada yake wa kuzaliwa. Levis ndiye aliyenieleza baadaye. Wale wa kiti waliomba mara ya kwanza Velma akawaambia mume wake ni askari, anakuja. Wakaomba tena, akawaambia vile vile. Mwisho wakasema ndege haimngoji mtu, wakamsukuma. Alikuwa amegeuza shingo nyuma, anatazama mlango wa nje, mpaka wakakata kona. Silvesta alisimama kwenye kioo mpaka mlinzi wa pale, kijana wa Nepal, alipomwomba kwa upole asogee.

Sikumsemesha siku nyingi. Nilikuwa nampita langoni na begi wazi, apekue, niende. Hasira yangu ni ya kijinga, huja nikiwa na huzuni. Mwenyewe alikuwa akisimama pale pale, lakini ameisha. Alimpigia Velma Taita kila siku na Velma alizungumza naye vizuri, habari za mvua na mahindi, mpaka sauti ikawa haitoki tena. Akafa kabla ule mwezi wa likizo haujafika.

Siku ya mazishi alikuja kunigongea. "Mama Bradley, sitaki kutazama peke yangu." Nikasahau hasira zote. Tukakaa chumbani kwa walinzi, kwenye kitanda cha chini, mimi nimeshika simu kwa sababu yeye hakuweza. Michelle, binti yao mkubwa, alikuwa akituonyesha kwa simu yake: migomba, viti vya plastiki, kwaya, jeneza. Mchungaji akamwita Michelle aseme neno. Akampa mtu simu aishike, akasimama mbele ya watu na gauni jeusi lililompwaya.

"Baba, najua unatusikia," akasema. "Mama alipofika alikuwa hawezi hata kumeza uji, lakini alitusimulia safari yake. Alituambia alipofika uwanjani alikukuta ushafika zamani. Kwamba ulichukua kile kiti ukamsukuma mwenyewe, mkatafuta mahali mkakaa, mkacheka mambo ya zamani, na mlipoachana wewe ndiye uliyelia kama mtoto. Alituambia tusikulaumu hata siku moja kwamba hukuja naye. Asante, Baba. Sisi hatukuwepo, lakini wewe ulikuwepo."

Watu wakasema amina. Bibi mmoja akapiga ukunga. Silvesta alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nikamtazama, naye akanitazama.

Michelle akaichukua simu yake, uso wake ukajaa kwenye kioo. "Baba? Unatuona? Alikuambia nini mwisho?"

Silvesta akashusha mikono.

"Alisema niwatunze," akajibu.

"Na alikuwa anacheka kweli?"

"Alikuwa anacheka, mwanangu. Alicheka sana."

"Asante, Baba," Michelle akasema, akijifuta kwa kiganja. "Sasa wanamshusha. Ngoja nisogee karibu, uone vizuri."