Yai Katika Kiatu cha Hezekiah

Mume wangu Hezekiah alikuwa mchoma nyama pale sokoni Lubao, na mwaka ule wa Uhuru hakukuwa na mchoma nyama mwenye jina kama lake. Si kwamba nyama yake ilikuwa tamu. Ilikuwa ngumu kama mshipi. Watu walikuja kutazama mkono. Wenzake waligeuza nyama kwa kijiti. Yeye aliigeuza kwa vidole, polepole, huku akiuliza habari za ng'ombe wa mteja. Kaa la moto likianguka, aliliokota na kulirudisha jikoni kama mtu anayeokota haragwe.

"Wewe Hezekiah, mama yako alikunyonyesha moto?" wauza ng'ombe walimpigia kelele.

Mama yake, Namalwa, aliuza ndizi hapo karibu, na ndiye aliyejibu. "Nilimnyonyesha maziwa. Ni nyinyi mlionyonyeshwa vibaya."

Kwetu mwanamume hupimwa kwa obusuma. Ugali huletwa ukiwa bado unafuka, na anayekata tonge la kwanza bila kupuliza vidole ndiye dume. Katika kila matanga na kila harusi Hezekiah alikata la kwanza, akashangiliwa. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mkono wa mtu usihisi moto. Mimi niliyekuwa nikimfunga malengelenge kwa vitambaa nilimwambia, "Baba Protus, mkono huu hauna habari na wewe." Akanijibu kwamba wanawake wa Khwisero tunapenda kulialia. Protus ni kifungua mimba wetu. Hata yeye aliyaona malengelenge hayo.

Bendera ilipopandishwa, Hezekiah alinunua viatu vyeusi vya kufunga kwa kamba. Alivilaza chini ya kitanda ili visiibwe. Tulikuwa na kuku mmoja mweusi mwenye kiburi, ambaye hakutaka kutagia kwenye kikapu nilichomwekea. Jumapili moja akatagia ndani ya kiatu cha kulia. Hezekiah akaingiza mguu, akafunga kamba, akaenda kanisani.

Nawaambia ukweli, alitembea na yai lililopasuka njia yote, na hakujua. Alikaa benchi la mbele. Mhubiri alipofika kwenye majaribu ya nyikani, mbwa akaingia, akapita watu wote, akaanza kulamba kiatu cha mume wangu. Akaja wa pili. Hezekiah alikuwa amefumba macho, anasema "Amina." Mbwa mmoja alipenyeza ulimi hadi kwenye soksi. "Amina," akasema Hezekiah. Watoto walicheka hadi wakatolewa nje.

Nyumbani tulimvua kiatu. Ganda lilikuwa limemkata wayo na damu imechanganyika na ute. Namalwa akaangalia mguu, kisha akaniangalia mimi.

"Mbwa hawafuati mtu bure. Roda, umemtilia nini mwanangu kwenye chakula?"

"Mama, ni yai."

"Mtu gani hukanyaganga yai asijue? Umemuua mwili akiwa hai, ili asisikie hata uchungu wa mama yake. Mchawi wewe!"

Nilimtazama Hezekiah aseme neno. Alikuwa akifuta kiatu. Namalwa alirusha vyungu vyangu nje, kimoja kimoja, na kuku mweusi akatoka nyuma yake akilia kana kwamba yeye ndiye aliyeonewa. Nikarudi Khwisero kwa kaka yangu Philemon nikiwa na kikapu na jina la mchawi. Kikapu nilikitua mlangoni. Jina liliingia nami hadi ndani. Kisimani wanawake waliacha kuzungumza nilipofika, na hakuna aliyekubali nimshikie mtoto wake. Watoto wangu mwenyewe walibaki kwa Namalwa.

Siku ya mnada wa ng'ombe, Hezekiah alikuwa akibishana na mteja kuhusu nani atapewa mashamba ya wazungu kule Lugari. Akaegemea jiko. Akaendelea kubisha. Harufu ikapanda, na mtu mmoja aliyekuwa nyuma akasema, "Hiyo inanukia vizuri, nikatie ya shilingi moja." Ilikuwa ni kiganja.

Wakampeleka hospitali. Namalwa akatuma watu Khwisero: mchawi aje atoe dawa yake. Nilikwenda na Philemon. Sikwenda kwa huruma. Nilitaka aliyenipa lile jina alichukue mwenyewe mbele ya watu.

Sista aliyetupokea aliitwa Cherotich, mwanamke mrefu asiye na haraka. Alimfunga Hezekiah macho kwa kitambaa cha Namalwa mwenyewe, akachukua unyoya wa kuku.

"Mzee, nikikugusa, nionyeshe mahali."

Akamgusa kidole cha mwisho. Hezekiah akatulia kama gogo.

"Kidole, Hezekiah!" Namalwa akapiga kelele. "Cha mwisho!"

Hezekiah akaonyesha kidole cha mwisho.

"Mama, usimsaidie."

Sista akamgusa wayo. Namalwa akakohoa na kuukanyaga mguu wake mwenyewe kwa nguvu. Hezekiah akaonyesha goti.

"Hata mimi singehisi unyoya!" Namalwa akasema. "Watu wazima hawahisi manyoya. Si ugonjwa huo."

"Haya, mama, leta mkono. Fumba macho."

Sista akamgusa kwa ncha ya unyoya tu. Namalwa akaruka, akamkalia Philemon mapajani, na kiti kikavunjika chini yao. Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu vyungu vyangu viruke.

Sista akatuonyesha doa jeupe begani kwa Hezekiah, ambalo sisi tuliita mba. Akabonyeza nyuma ya kiwiko, akaniita niguse. Chini ya ngozi kulikuwa na kitu kinene kama mzizi wa muhogo.

"Huu ni mshipa wa fahamu. Ndio hupeleka habari kutoka vidoleni hadi kichwani: hapa moto, hapa mwiba. Ugonjwa umeuvimbisha, habari zimekatika njiani. Maumivu ni mlinzi, na mlinzi wa mume wako amekufa. Huu ni ukoma. Dawa ipo, ni ya vidonge, atameza muda mrefu. Lakini mkono huu huenda usirudi kuhisi, kwa hiyo atumie macho."

"Na dawa ya kwenye chakula?" nikauliza, nikihakikisha Namalwa anasikia.

"Hakuna chakula kinachofanya hivi. Wala uchawi."

Kisha akatupima sisi sote wa nyumba ile. Mimi nilikuwa mzima. Nilihisi kila kitu, hata yale niliyotamani nisiyahisi.

Walikuja Khwisero kunichukua, Hezekiah na mama yake, na majirani wa Philemon wakajaa uani. Walileta kuku mweusi, yuleyule. Namalwa alimchinja na kumpika mwenyewe. Kwetu mwanamke hali kuku, na firigisi humwendea mwanamume mwenye heshima zaidi mezani, kwa hiyo alimsogezea Philemon bakuli.

"Si Philemon aliyeitwa mchawi," nikasema.

Namalwa alinitazama, akatazama watu, akatazama bakuli.

"Roda hakumroga mwanangu," akasema kwa sauti ndogo.

"Mama, wa kule nyuma hawajasikia," nikasema.

"Roda hakumroga mwanangu! Ni ugonjwa! Mumpe firigisi yake!"

Hezekiah, kwa kutaka kunipendeza, akatia vidole kwenye bakuli lile, mchuzi ukiwa bado unafuka.

"Mwiko!" tukapiga kelele sote, hata Namalwa.

Akauangalia mkono wake kama mtu anayemtazama mgeni. Akachukua mwiko, akaniwekea firigisi.

Nilikula. Kuku alikuwa mzee na firigisi ilikuwa ngumu kuliko nyama ya Lubao. Niliitafuna polepole, na hakuna aliyethubutu kuinuka mpaka nilipoimaliza.