Ndugu Voth na Wimbo Uliomezwa na Kanisa

Ndugu Orlando Voth ametunga nyimbo za kwaya tangu wakati wa vita, katika mji wetu huu wa ngano hapa Kansas, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuzisikia sawasawa. Hata sisi tunaoziimba.

Alizaliwa kwenye shamba la ng'ambo ya reli. Baba yake hakutaka kinanda ndani ya nyumba. Alisema sauti tulizopewa na Mungu zinatosha. Wakati wa vita, vijana wetu walipokataa kushika bunduki kwa sababu ya imani yetu, Orlando alipelekwa kambini kupanda miti badala ya jeshini. Huko akaunda kwaya ya wanaume waliochoka, na ndiko alikoanza kutunga. Aliporudi akafundisha muziki shuleni. Alinifundisha hadi nilipoishia darasa la nane, kisha akaniweka sauti ya pili kanisani, na nipo hapo mpaka leo, mtoto mapajani kila mazoezi.

Shida yake ni sisi. Kwetu kanisa zima huimba kwa sauti nne, bila ala yoyote, tangu utotoni. Mkulima wa benchi la mwisho anaijua besi yake kama anavyolijua lango la zizi lake. Kwa hiyo kila wimbo mpya ulipokwisha, watu walimshika mkono Ndugu Voth. "Mzuri, Orlando. Lakini ule wa zamani haushindiki."

Safari hii akauchukua ule wa zamani wenyewe, wimbo wa shukrani ambao babu zetu walitoka nao Urusi. Sauti ya kwanza hakuigusa, ila chini yake akabadilisha kila kitu. Sisi wa sauti ya pili tulishikilia noti moja iliyokwaruzana na ya kwanza, kama kokoto ndani ya kiatu. Mwanzoni niliichukia. Baadaye nikajikuta naiimba nikifua nepi.

Bwana Ellery, mwalimu wa kwaya ya chuo kimoja, alikuwa aje kusikiliza Jumapili ya mavuno. Akiupenda, kwaya yake ingeuimba safarini, mji hadi mji. Ndugu Voth hakuwahi kupata nafasi kama hiyo. Siku hiyo alinyoa ndevu mpaka akajikata.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Kwenye wa pili, kanisa likautambua wimbo wake wa zamani. Nikasikia mabenchi yakilia: wanasimama. Wakaingia wote na sauti zao za siku zote, macho wamefumba, na noti yetu ikazama. Ndugu Voth akawageukia, akainua viganja kuwazuia. Waliomwona wakadhani anataka waongeze sauti. Wakaongeza.

Akashusha mikono.

Baadaye tulishuka kwenye chumba cha chini ya kanisa kunywa kahawa. Mama mkwe wangu, Selma, alikuwa anang'aa uso.

"Tumekusaidia, eh, Orlando?"

"Sikuomba msaada, Dada Selma."

"Sasa tukae kimya wimbo wetu unaimbwa? Sisi magunia?"

Bwana Ellery akaja na kikombe mkononi. "Ule ubeti wa pili umenitoa machozi. Nipatie nakala, niende nao."

Moyoni nikawa namsihi: sema asante, mpe.

"Wa pili si wangu," Ndugu Voth akasema. "Wangu ni wa kwanza."

"Aa." Mgeni akakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. "Wa kwanza nao ulikuwa... una mambo yake."

Aliondoka bila nakala yoyote.

Nilimkuta Ndugu Voth juu kanisani, anakusanya karatasi za kwaya kwenye viti. Nikamsaidia kwa mkono mmoja, mtoto begani.

"Tunga mwingine wasioujua," nikamwambia.

"Hizo si ndizo zote nilizotunga? Niimbie mmoja."

Nikatafuta kichwani. Nilipata vipande vya sauti ya pili tu, tena sijui vya nyimbo zipi.

"Nikitunga mpya, mnausahau," akasema. "Nikichukua wa zamani, mnaninyang'anya. Nifanyeje, Elda?"

Mtoto akaanza kulia. Nikateremka naye haraka, na nilikuwa nimefurahi kwamba analia.