Uwanja wa Omena

Juzi mke wa mwanangu alileta omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka soko la hapa Eldoret, imefungwa kwa gunia dogo. Alipofungua, harufu ikanipiga usoni, ile ya samaki aliyefungiwa na joto lake kabla hajakauka. Nikamwambia akatupe. Akasema, "Mama, hii ni ya leo." Nikamjibu kwamba mimi sijasoma, lakini hiyo harufu naijua kushinda jina langu.

Nilizaliwa kisiwa kidogo huko Ziwa Victoria, mbali na bara. Kilikuwa mawe matupu, tambarare ni moja tu. Asubuhi akina mama walianika omena hapo juu ya nyavu kuukuu, na jua likishuka vijana walicheza mpira hapo hapo. Milingoti ya goli ilikuwa makasia, kwa hivyo siku ya mechi hakuna mtu alivua. Mpira ukipigwa vibaya uliingia ziwani, basi beki wa kushoto alichaguliwa kwa kujua kuogelea. Refa alikuwa katekista wetu. Wageni walilalamika, naye akasema anaogopa Mungu peke yake. Na huyo Mungu alionekana kupenda sana kisiwa chetu.

Baba yangu alikuwa golikipa, na watu walimheshimu kwa hilo kuliko kwa uvuvi wake.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza darasa la nne, na shule yetu iliishia hapo. Kuendelea ilikuwa ni kuvuka nikae kwa shangazi, nitafutiwe karo na sare. Mama akachukua kwa wavuvi omena nyingi kuliko siku zote, amngojee mchuuzi wa bara. Aliniambia tukianika, mimi nikifukuza ndege: Atieno, hii yote ni shule yako.

Siku hiyo kulikuwa na mechi, na jua likiwa bado kali, wageni wa kisiwa jirani wakatokea mapema, upepo umewasukuma. Baba na wachezaji wenzake wakaja kuambia akina mama waanue. Wengine walikuwa na kidogo, wakaanua. Mama akasimama katikati ya uwanja.

"Baba Atieno, ngojeni jua lishuke. Jua haliazimwi."

"Wageni wamefika. Mpira ni wa kisiwa kizima, omena ni ya mtu mmoja."

"Huyo mtu mmoja ni mtoto wako."

Wanaume wakacheka. Mmoja akamuuliza baba kama siku hizi golikipa ni yeye ama ni bibi yake. Baba akainama akaanza kukunja nyavu mwenyewe, na omena ikamiminwa kwa magunia ikiwa bado laini, ikarundikwa nyuma ya nyumba.

Tulishinda moja bila. Usiku mvua ikaanza, na kesho yake jua halikuonekana kabisa. Mama alipofungua magunia mvuke ulitoka kama wa sufuria, na chini yake funza. Mchuuzi alipofika alinusa akiwa majini, hata hakushuka kwa mashua.

Baba alisema, mwaka ujao. Mwaka ujao ukazaa mwaka ujao mwingine, mpaka nikavuka kwenda bara nikiwa bibi ya mtu.

Msidhani baba alikuwa mbaya. Angeulizwa akiwa peke yake, angengoja. Alishindwa na kicheko. Na ile haraka yote, ilikuwa ya nini? Wageni walikuja na mikeka yao ya kulalia, kama kawaida. Hakuna mtu alikuwa anarudi siku hiyo. Mechi ingechezwa jioni, omena imekauka, na bado wangeimba mpaka wachoke. Hilo nililiona nikiwa mtu mzima, nikipanga nyanya barabarani na kuuliza wateja wanisomee Kiingereza kilichoandikwa kwa simu.

Lakini kitu kilichochelewa zaidi kunifikia ni macho ya mama. Baba alipodaka penalti ya dakika za mwisho, nilikuwa juu ya mwamba nikipiga kelele kushinda kisiwa kizima. Mama alikuwa amesimama kando ya yale magunia. Akaniangalia, akafungua mdomo kama anataka kuniambia kitu, halafu akaufunga, akaniacha nishangilie.

Mimi nilidhani hapendi mpira.