Programu Iliyosahau Kuzika Watoto Wake

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kampuni ya kununua mahindi pale Kitale, Mkuu wa Kompyuta hakunipa hata kiti. Alinionyesha skrini akauliza, "Programu huzaliwaje?" Akajijibu mwenyewe. "Haijizai yenyewe," akasema. "Inapiga mwito kwa kiini cha mfumo, ile sehemu inayotawala kompyuta yote. Kiini kikikataa, hakuna kitu."

Mwito wa kwanza ni fork: kiini kinatoa nakala ya programu, mzazi na mtoto wakifanana isipokuwa namba ya utambulisho. Kisha mtoto hupiga exec, akaacha kazi ya mzazi na kushika yake. Nyinyi vijana wa leo mnabofya tu, mnadhani vitu vinajileta.

Baadaye nikahamishiwa ghala la Bungoma kusimamia kompyuta ya mizani. Kila lori lilipopanda mizani, programu kuu ilizaa mtoto wa kulipima. Asubuhi ilikimbia vizuri; kufika adhuhuri, ikakwama. Wakulima wa Bumula na Ndalu walikaa foleni na mahindi makavu, mawingu yakishuka kutoka Mlima Elgon. Mahindi yakinyeshewa yanakataliwa, na jasho la msimu mzima limekwenda bure.

Meneja wa Ghala akaja amefura. "Madam, ukizima na kuwasha, si kesho itakwama tena? Mvua ikipata haya mahindi, hii mashine inarudi Kitale, na wewe unaifuata."

Niliogopa, sifichi. Nikachungulia ndani ya mfumo. Kumbe umejaa watoto waliomaliza kazi wakafa, lakini mzazi hapigi wait, mwito wa kupokea habari za kifo cha mtoto. Asipopokea, kiini hakimwondoi marehemu. Nafasi za programu mpya zikaisha, fork ikakataliwa.

"Bosi, ni kama mochari imejaa," nikamwambia. "Wenye maiti hawajaja kuzichukua."

Akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. "Hapo nimeelewa, bana. Sasa ita wenyewe waje."

Nikaandika wait mahali pake, nikaiwasha programu upya. Malori yakapanda moja baada ya jingine, na hakuna lililokwama. Mvua ilipoanguka, la mwisho lilikuwa limeshaingia ghalani. Mama mmoja wa Ndalu akanishika mikono yote miwili. "Ati ni wewe umetuokolea mahindi? Mungu akuweke."

Sasa nimestaafu. Kuzaa programu kila mtu anajua. Kuizika ndiyo kazi ya mtu mzima. Bungoma bado wanapima kwa ile programu yangu. Najivunia, na sioni haya kusema.